Rufaa ya Kiboko

Huko mbugani Kiboko ndiye aliyekuwa Mkuu wa Afya, na ndiye aliyetoa waraka kwamba kila mnyama atembee asubuhi. Aliutia mhuri akiwa ameketi, kisha akampa tarishi wake, Bi Kanga, ausambaze.

"Nawe utatembea, Mzee?" Kanga aliuliza.

"Mama, nikitembea mimi, nani atagonga mihuri?"

Siku ya wakuu kupimwa afya, Daktari Korongo alimwamuru apande kilima bila kupumzika. Kiboko alifika katikati, akalala. Akavuliwa cheo palepale.

Alikata rufaa. Kwa kuwa sasa hakuwa na tarishi, aliibeba barua mwenyewe hadi ng'ambo ya mbuga, kwa karani Kakakuona.

"Nakala ziko mbili, zinatakiwa tatu. Njoo kesho."

Kesho yake ilikosekana sahihi, keshokutwa, picha. Miezi mitatu Kiboko alikwenda na kurudi, akinung'unika njia nzima.

Hatimaye akaruhusiwa kupimwa upya. Alipanda kilima, akashuka, wala hakutweta. Cheo akarudishiwa.

"Mzee, umekunywa dawa gani?" Korongo alishangaa.

"Dawa wapi, Daktari! Nilikuwa nafuatilia faili."