Paka Kwenye Kiti cha Popo

Mkuu wa makumbusho alikuwa ameinamia picha kubwa mezani, kioo cha kukuzia kikiwa kimemganda jichoni, akimtafuta mlinzi wake. Alianzia langoni, akapita kwenye minara miwili iliyobomoka, na sasa alikuwa kwenye ukuta wa nyuma, akikagua jiwe baada ya jiwe.

"Hayupo," alisema. "Mzee, humu ndani wewe huonekani."

Mlinzi alisimama karibu na mlango, kofia mkononi. Wenzake walimwita Popo, kwa kuwa mwenyewe aliapa kwamba usiku macho yake hayajui kufumba. Alikuwa amebakiza miezi saba tu astaafu kwa heshima, na pale mezani, kando ya picha, palikuwa na barua yake ya tatu. Mbili za kwanza zilikuwa za onyo, kwa kusinzia kazini. Hii haikuwa ya onyo tena, na ilisubiri sahihi tu. Popo aliiona, roho ikawa juu juu.

Picha yenyewe ilikuwa nzuri, hilo hakuna aliyebisha. Juu ya magofu nyota zilikuwa zimechora mistari ya duara, mmoja ndani ya mwingine, kama vile mtu amekoroga mbingu kwa mwiko. Binti mpiga picha alikuwa ameomba ruhusa miezi miwili bila jibu, kisha Alhamisi iliyopita mkuu akampa ghafla. Nusu ya ruhusa ile ilikuwa ya sanaa. Nusu nyingine ilikuwa mtego.

"Lango lote limeingia," mkuu aliendelea. "Kiti chako hiki hapa. Nani amekikalia? Paka! Na paka mwenyewe kalala usingizi wa pono. Siku hizi magofu yetu yanalindwa na paka, mzee? Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nazunguka, mkuu," Popo alijibu.

Hapo binti mpiga picha, aliyekuwa ameketi upande wa pili wa meza, akashindwa kujizuia, akacheka.

"Samahani, mkuu. Picha hii haikupigwa papo kwa papo. Kamera ilikaa jicho wazi tangu saa nne usiku mpaka saa kumi alfajiri. Kwenye giza kama lile, kinachopita hakishiki. Kinachotulia ndicho kinachoganda. Huyu paka ameonekana mpaka masharubu kwa sababu alilala. Mimi mwenyewe nilikatiza mbele ya lango mara tatu. Hebu nioneshe niko wapi."

Mkuu alirudisha kioo jichoni. Alitafuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, maana hakupenda kushindwa na mtoto wa juzi. Hakumwona.

"Mbona nyota zinatembea na bado zinaonekana?"

"Nyota zina taa zao."

"Na huyu tochi yake?"

"Nilimkataza kuiwasha, ingeniharibia kazi. Akaniambia, 'Usihofu, mwanangu. Hutaniona wala hutanisikia.' Na kweli, sikumwona wala sikumsikia. Alfajiri nikashtukia kasimama kando yangu na chupa ya chai, ya moto kabisa! Mzee wa watu, pamoja na kuzunguka usiku kucha, bado alinifikiria mimi." Alimtazama Popo kwa huruma ya kweli. "Angesinzia pale langoni, leo tungemhesabia vifungo vya koti."

Popo aliinamisha macho kwenye vifungo vyake, akavihesabu kimoyomoyo. Vilikuwa vitano.

Mkuu akaweka kioo mezani. Alikuwa mtu mgumu, lakini hakuwa mtu wa dhuluma, na aibu ilianza kumpanda. Nusura amfukuze mtumishi wake mwaminifu miezi saba kabla ya kustaafu! Aliichukua barua ya tatu, akaichana vipande vinne, akavitupa kapuni.

"Penye ukweli uongo hujitenga," alisema, kisha akamwita katibu muhtasi aje aandike barua nyingine.

Jioni ile Popo aliingia nyumbani kwake, nyuma tu ya ukuta wa magofu, akiwa ameishika barua mpya kwa mikono miwili. Mkewe alikuwa ameketi kitandani akikunja nguo. Popo akampa barua, akasingizia kwamba haoni miwani yake. Alitaka aisikie ikisomwa kwa sauti.

"'Kwa niaba ya makumbusho,'" mkewe alisoma, "'tunampongeza mlinzi wetu ambaye, usiku wa Alhamisi iliyopita, hakutulia hata dakika moja mpaka kulipokucha.'"

"Rudia hapo pa kutulia," Popo aliomba.

Mkewe akarudia, kisha akaiweka barua juu ya nguo na kujipapasa ubavu.

"Hapo hawakukosea, mume wangu," alisema. "Mateke uliyonipiga usiku ule! Mpaka nikaona heri niamke, nikachemshe ile chai."