Jibu Lililofungiwa Kiooni

Kitendawili! Nampanda mgongoni, anatafuna lakini hamezi. Haya, nani huyo?

Tatu, mjukuu wa Bi Mgeni, alishindwa, akatoa mji. Bibi hakuutaka. Alitaka jibu, maana jioni ile Chama cha Mambo ya Kale kingekuja kulichukua.

Jibu lilikuwa palepale jikoni, ndani ya kioo: mbuzi ya kukunia nazi ya marehemu mama yake Bibi. Wasomi wa Chama walianza kwa kuokoa vitu vya kale visigeuzwe kuni. Siku hizi sheria yao ni moja: kitu kikimzidi umri mwenye nyumba, hakiguswi tena. Kioo kilipofungwa, Bi Mgeni mwenyewe alipiga vigelegele kwa fahari. Tangu hapo wanapikia tui la bombani.

"Tazama mbele yako, mama," Bibi alimbembeleza mjukuu wake, akinyoosha kidole.

"Tafadhali usiguse," kioo kikasema kwa upole.

Bibi akauficha mkono ndani ya kanga.

Tatu akakodoa macho. "Ni hicho kigoda cha Chama? Aa, bibi, umenionea! Hicho hakipandwi, wala hakitafuni kitu."