Mkwe Kwenye Meza ya Mvinyo

“Temeni,” Skolastika aliamuru, na wanawake wazima wakatema.

Walitema kwenye ndoo ya chuma iliyowekwa katikati ya meza, pembeni kabisa ya kuku wa kuoka, halafu wakatikisa vichwa kama watu walioelewa kitu. Eti ndivyo mvinyo unavyoonjwa. Hanna alisema amesikia ladha ya cheri, na wenzake wakakubali, ingawa hakuna hata mmoja pale aliyewahi kuiona hiyo cheri. Skolastika ndiye aliyekuwa mwalimu wao. Alisoma kozi fupi Afrika Kusini, na tangu arudi hakuna aliyeruhusiwa kumeza kitu Arusha hii bila kuelekezwa.

Zamu ya kuandaa chakula ilikuwa ya Anneth, nyumbani kwake Moshono. Alishonesha gauni jeupe kwa ajili ya jioni hiyo, akaazima glasi, akafukuza hata paka. Mambo yalikwenda vizuri mpaka mlango ulipofunguliwa akaingia mama mkwe wake, Nanyori, kutoka Terrat, shuka begani, katambuga miguuni, bila taarifa.

Anneth aliweka glasi chini. Mama huyu hakuja kwenye harusi yao. Alisema mbele ya ukoo mzima kwamba mwanawe Lesikar ameokota Mchaga wa mjini asiyejua hata kukamua ng’ombe, na kwamba yeye mwanamke huyo hamjui. Lesikar alikuwa bado anaumia. Anneth naye hakuwa na ombi jingine alipopiga magoti kusali: mama amkubali, basi. Na katika siku zote, mama kaja siku ya chupa!

“Shikamoo mama.” Anneth aliinamisha kichwa ili aguswe utosini, kama wazee wa Kiarusha wanavyowasalimia watoto wao.

Nanyori alimpita. “Mwanangu yuko wapi?”

“Amesafiri, mama. Anarudi kesho.”

“Na wewe ukaona uite ngoma.”

Hanna alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Skolastika hakujifanya chochote. Alimtazama mgeni kuanzia shuka mpaka katambuga, akamgeukia Anneth. “Shosti, si mama apelekwe jikoni kwa dada wa kazi, apewe chai? Hapa tutamchosha bure.”

“Kiti chake ni hiki,” Anneth alisema. Alinyanyuka kwenye kiti chake mwenyewe, akamkalisha mkwewe, na yeye akabaki amesimama.

Unadhani alishukuriwa? Thubutu! Nanyori alivuta glasi, akainusa, akakunja uso.

“Imetiwa asali?”

“Hapana mama, ni zabibu tupu.”

“Asali imewashinda nini?”

Skolastika alipaza sauti kama anaongea na kiziwi. “Mama, unazungusha! Unanusa! Unaonja! Halafu unatema humu, kwenye ndoo!”

“Kinywaji cha kutema hakitemwi kwenye ndoo,” Nanyori alijibu, akimtazama kama mbuzi mwenye upele. “Nyie mlilelewa na nani?”

Skolastika alijichekesha, lakini shingo ilikuwa imemvimba. “Anneth, mimi nilikuonya. Ukiolewa porini, pori linakufuata mpaka sebuleni.”

Anneth alimtazama. Mwaka mzima alihangaika ili wanawake hawa wamwite mwenzao. Alijifunza kushika glasi kwa shina, alicheka vichekesho visivyochekesha, alisifia cheri. Jamani, mtu huchoka.

“Kusanya chupa zako utoke nyumbani kwangu,” alisema.

“Unasemaje?”

“Umenisikia. Huyu ni mama yangu. Anitukane, asinitambue mpaka nazikwa, bado ni mama yangu. Wewe nani?”

“Yaani unanifukuza kwa ajili ya mtu ambaye hata jina lako hataki kulitamka?”

“Ndiyo. Kwa ajili ya huyo huyo.”

Skolastika alisonya, akaanza kuziingiza chupa kwenye kikapu kwa vishindo. Muda wote huo Nanyori alikuwa anatafuna paja la kuku. Alipomaliza alijifuta vidole kwenye shuka, akanyoosha mkono.

“Hiyo nyekundu iache.”

Alijimiminia glasi ikajaa. Kisha akasimama.

“Wewe. Njoo hapa.”

Anneth alisogea. Mkwewe alijaza kinywa mpaka mashavu yakavimba. Alimkagua taratibu, nywele za bandia, kucha za rangi, lile gauni jeupe la kushonesha. Halafu akampulizia mvinyo wote usoni, pwaa!

Hanna alipiga yowe. Mvinyo ulichuruzika kidevuni mwa Anneth, ukaingia shingoni, na gauni likaharibika lote kifuani.

“Amekutemea!” Skolastika alisema, kwa furaha ambayo hakujisumbua kuificha. “Mbele za watu! Haya, shukrani yako ndiyo hiyo, mke wa porini.”

Hanna alikimbia na kitambaa cha meza.

“Usifute! Kwa Waarusha hii ni baraka!” Anneth alimdaka mkono. Alikuwa tayari amepiga magoti, analia na kucheka kwa pamoja.

“Geuza na upande huu, Anneth mwanangu,” Nanyori alisema, akavuta funda la pili. “Mungu Engai akupe watoto, na wote wawe wakali kama wewe.”