Sululu Wanazunguka

Ndege wa pwani waitwao sululu walirudi kutoka ng'ambo, wakazunguka juu ya mlango wa mto bila kutua. Tope walilozoea kulia kaa lilikuwa limefukiwa kifusi, eti wakubwa wajenge hoteli.

Kila mwaka aliyewaita kwa mluzi ni Bi Mwanakheri. Sasa yuko kaburini, na mumewe, Mzee Mbwarali, akipiga mluzi hutoka upepo mtupu.

"Babu, toka mbele ya tingatinga! Hao ndege wako wana kibali?" dereva alimcheka.

"Na hao waliokutuma, kibali cha kufukia riziki ya wenzao kawapa nani?"

"Mie natumwa tu, mzee wangu."

Mzee akapiga magoti, akakifukua kifusi kwa mikono mpaka vidole vikatoka damu. Likachungulia tope jeusi, kiasi cha sinia. Akasogea kando, akachutama. Juu, sululu mmoja alijitenga na wenzake, akashusha miguu.