Volti za Evaristi

Kompyuta ilizimika tena katikati ya video ya harusi. Mjane akamwita shemeji yake kutoka Isevya.

Shemeji aliiwasha, akafungua mipangilio ya prosesa, akaguna. "Shemeji, kaka aliongeza volti kwa mkono wake ili mashine ikimbie kuliko ilivyoundwa. Inachemka mno. Tusipozipunguza, itaungua."

"Najua." Mumewe Evaristi alikuwa akiziongeza kidogo kidogo jioni akitoka kazini, na kila mashine ilipokubali alicheka peke yake.

"Basi nizirudishe za kiwandani?"

Mjane aliitazama namba ya volti kwenye kioo cha kompyuta: 1.42. Siku ya kuanua matanga, ndugu waligawana mashati ya marehemu, na baiskeli ikaenda Urambo. Namba hii hakuna aliyejua kuigawa.

"Niachie mimi," alisema.

Akabonyeza kitufe cha kushusha, polepole, mpaka 1.20. Akahifadhi. Feni, iliyokuwa ikivuma nyumbani mle tangu mumewe akiwa hai, ikanywea.

"Mbona kimya?" mama mkwe aliita kutoka chumbani. "Imekufa?"

"Hapana, mama. Inapoa tu."

Pazia la mlango likasogea. Mama yake Evaristi aliingia akijifunga khanga vizuri, akapita katikati yao bila kuwatazama, akaweka kiganja juu ya sanduku la kompyuta kama anayepima homa ya mtoto.

"Bado ina joto," alisema, wala hakuutoa mkono.