Consolée Wawili

Immy alikuwa ameandika programu fupi ya kompyuta, kwa lugha ya Perl, ya kukata faili kubwa la data la XML, lenye orodha ya wakimbizi wote wa Kongo walioandikishwa Kasese na Bwera, Uganda, ili kila familia ipate faili lake, lenye jina la mkuu wa familia.

Alipofungua faili la Consolée, mama aliyeketi mbele yake pale ofisini Bwera, alishangaa.

"Mama, hapa inasema wewe uko na miaka tisa."

"Mimi? Hapana, madame. Waliniandika hapa hapa Bwera, niko mupeke yangu."

Immy aliisoma programu upya. Kumbe majina mawili yakifanana, faili la pili lilifuta la kwanza. Akaongeza namba ya usajili kwenye kila jina, akaiendesha tena. Yakatokea mafaili mawili.

"Huyu ndiye wewe. Huyu mwingine waliandika Kasese, lakini sielewi. Jina la mkuu ni Consolée, na ndani iko msichana tu, Anastasie, miaka tisa."

Consolée aliinuka, akazunguka meza, akaweka kidole juu ya jina lile. Alikibonyeza kioo cha kompyuta mpaka rangi zikatawanyika chini ya ukucha wake.

"Mama, utavunja."

"Ni mutoto yangu," alisema polepole. "Tulipoteana tukikimbia Beni. Walimuuliza mukubwa wake ni nani, na yeye akanitaja."

Immy alimtazama, akalitazama jina lile, akamtazama tena.

"Madame, gari ya kwenda Kasese inaondokea wapi?"