Hata Jana Amesaini

"Mwanao yupo, mama. Tazama, hata jana amesaini," alisema mlezi wa wanafunzi, akimsogezea karatasi ya mahudhurio.

Mama yake Zuwena alikuwa ametoka Mkwaja alfajiri, maana simu ya binti yake haikupatikana wiki tatu. Alipitisha kidole juu ya saini ile, polepole, kama anayempangusa mtoto uso.

"Alhamdulillahi."

Mimi nilikuwa mlangoni, nimeitwa kwa kuwa tunakaa chumba kimoja na Zuwena. Chuoni tunasainiana: asiyefika darasani, mwenzake humsainia. Wiki tatu nimemsainia Zuwena, nikiamini yuko kwao Mkwaja.

Mama aliitikia shikamoo yangu akitabasamu. "Mwanangu, mwambie sina hasira naye. Anipigie tu."

Nikafumba kiganja. Wino wa jana ulikuwa bado kidoleni.